Quad au MartinLogan: spika mbili, tafsiri mbili

Ukisoma mapitio ya spika za bei kubwa kwa muda wa kutosha, utagundua kwamba waandishi wake wana sentensi chache wanazozirudia kama kiitikio. Pazia limeondolewa. Spika imetoweka. Mwimbaji amesimama sebuleni. Nimezisoma sentensi hizi kwa miaka, na kila mara huwa najiuliza swali lile lile ambalo ningemuuliza mhakiki wa riwaya akiniambia kwamba lugha ya mwandishi "haionekani": imekwenda wapi?

Sentensi hizo huandikwa zaidi kuhusu aina moja ya spika, spika za umemetuli. Wapenzi wake ni wachache duniani, na ni wabishi kweli kweli. Mwaka jana nilipata bahati ya kukaa wiki tatu na jozi mbili tofauti ndani ya nyumba moja, moja ya Kiingereza na moja ya Kimarekani, na nataka kuzihakiki hapa kama ambavyo ningehakiki tafsiri mbili za kitabu kimoja. Wasomaji wa ukurasa huu mmezoea habari za vitabu, najua. Lakini neno hi-fi maana yake ni uaminifu wa hali ya juu, na uaminifu ni ugomvi wetu wa siku zote tunapozungumzia tafsiri. (Ukilitamka kwa ulimi wa Kiswahili linatoka "haifai". Fundi mmoja wa Kariakoo aliwahi kuniambia ndiyo maana wateja wanakimbia.)

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Spika ya kawaida, ile iliyomo kwenye redio ya mezani, kwenye gari la matangazo na kwenye baa, ni koni ya karatasi au plastiki iliyogundishwa kwenye koili ya waya, na koili imekaa katikati ya sumaku. Umeme wa muziki ukipita, koili inasukumwa mbele na nyuma, koni inafuata, hewa inatikisika, unasikia. Shida ni kwamba koni ina uzito. Ikishaanza kwenda inataka kuendelea kwenda, na ukiiambia simama inasimama kwa kusitasita. Tena imefungiwa ndani ya boksi, na boksi nalo lina la kwake la kusema.

Spika ya umemetuli haina koni wala sumaku, na zile halisi hazina hata boksi. Ina utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, uliopakwa kitu kinachoshika chaji, ukawambwa kati ya mabamba mawili yenye matundu. Utando unapewa volti elfu kadhaa na unakaa nazo. Umeme wa muziki unapitia transfoma, unakuzwa, unapelekwa kwenye mabamba. Bamba moja likiuvuta utando, jingine linausukuma, na uso wake wote unakwenda kwa pamoja, tofauti na koni inayosukumwa kutoka katikati tu. Utando huo ni mwepesi kiasi kwamba uzito wake hauko mbali na uzito wa hewa inayougusa. Ukiambiwa anza, umeanza. Ukiambiwa nyamaza, umenyamaza.

Hapo ndipo sifa zote zinapotoka, na kasoro zote pia. Nafasi kati ya utando na bamba ni milimita chache tu, kwa hiyo utando hauwezi kwenda mbali, na besi nzito inataka kitu kinachokwenda mbali. Ukiongeza volti kupita kiasi, hewa yenyewe inashindwa, cheche inaruka. Na kwa kuwa hakuna boksi, sauti inatoka mbele na nyuma kwa nguvu sawa, ya mbele ikisukuma wakati ya nyuma inavuta. Sauti za chini huzunguka ukingo wa spika zikakutana na kuuana. Ndiyo sababu spika hizi hazipendi kuegemezwa ukutani. Zinataka mita moja au zaidi nyuma yake, maana yake zinataka sebule iwe yao.

Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Waliowamba ngozi hii ya plastiki walivutia pande tofauti kabisa.

Peter Walker alikuwa mhandisi wa Kiingereza ambaye kampuni yake ilihamia Huntingdon, mji mdogo kaskazini mwa London, baada ya kupigwa mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1957 alianza kuuza spika aliyoiita Quad ESL, na ikaendelea kutengenezwa hadi 1985. Ukiiona mara ya kwanza utadhani ni hita ya umeme: fupi, pana, ina wavu wa chuma uliopinda kidogo, imesimama kwenye vijiguu vya mbao huku imejilaza nyuma kama mtu aliyeshiba. Ndani kuna vipande vitatu, viwili vya besi pembeni na kimoja cha sauti za kati na za juu katikati. Ilibuniwa kwa ajili ya amplifaya ya Walker mwenyewe, Quad II ya valvu, yenye wati 15. Ukiifunga kwenye amplifaya kubwa ya kisasa bila kujua unachofanya, utasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika, na hapo utando umeshatoboka.

Walker baadaye alitengeneza nyingine, ESL-63, aliyoanza kuifanyia kazi mwaka 1963 ikaingia sokoni 1981. Mabamba yake yamegawanywa kwa duara, moja ndani ya jingine, na umeme unacheleweshwa kidogo kutoka duara hadi duara ili sauti isambae kama viwimbi vya jiwe lililotupwa kisimani. Kwa akili ya kihandisi ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Nimeisikiliza kwa saa moja tu maishani, kwa hiyo naipita.

MartinLogan ni Wamarekani wa Lawrence, Kansas. Jina limetokana na majina ya kati ya waanzilishi wawili, Gayle Martin Sanders na Ron Logan Sutherland. Wao walikunja paneli. Spika bapa ya umemetuli hutupa sauti zake za juu kama tochi, ukisogea kidogo umetoka kwenye mwanga; paneli iliyopinda inaitawanya sauti kwenye upana wa digrii 30 hivi, watu wawili wakaweza kukaa kochi moja bila kugombea. Kisha, katika spika zao nyingi, wakafanya jambo ambalo wafuasi wa Quad wanaliona kama kufuru: chini ya paneli wakaweka boksi, na ndani ya boksi koni ya kawaida kwa ajili ya besi. Jozi niliyoisikiliza ni SL3, ya miaka ya tisini, ndefu kama mtu, na koni yake ni ya inchi 10. Paneli ina matundu mengi kiasi kwamba unaona ukuta wa nyuma kupitia spika. Wenye kupenda lugha ya "uwazi" hapo wamepata walichokitaka, angalau kwa macho.

Jozi zote mbili nilizikuta kwa mzee wa Kizanzibari anayeishi nje kidogo ya London. Aliondoka Unguja kijana, baada ya 1964. Quad alizinunua yeye miaka ya sabini kwa mtu aliyekuwa anahama, MartinLogan ni za mwanawe, aliyeziacha pale alipohamia ghorofani. Sasa Mzee anarudi nyumbani. Amejenga Unguja, nje ya mji, na kwenye kontena amebakiwa na nafasi ya jozi moja tu. Mwanawe amemruhusu achukue zozote. Mimi aliniita kwa sababu alisoma makala yangu moja kuhusu santuri za zamani akadhani najua na spika.

"Miye masikio yangu yameshazeeka," aliniambia siku ya kwanza. "Huko juu sisikii tena. Wewe nskilizie, mwanangu, halafu unambie kweli."

Hilo ni jambo zito zaidi kuliko linavyoonekana. Mtu anakuomba uwe masikio yake kwa nyimbo ambazo yeye anazijua tangu utotoni na wewe umezijua kwa kusoma. Nilimjibu, "Sawa, Mzee, lakini tutasikiliza wote," na ndivyo tulivyofanya, karibu kila jioni.

Tulianza na taarab, rekodi za Ikhwani Safaa zilizotolewa London mwaka 1988 na lebo ya GlobeStyle. Klabu hii iliundwa 1905, na sauti yake ni ile ya kundi kubwa: fidla kadhaa, udi, kanuni, kodiani, besi la kukwaruza kwa upinde au kudonolewa, ngoma ndogo. Kanuni ndiyo mtihani. Ina nyuzi zaidi ya sabini, zinadonolewa kwa vidole vyenye pete za kupigia, na kwenye spika nyingi nilizowahi kuzimiliki kanuni huwa kama mvua ya bati: nzuri, lakini huwezi kuhesabu matone. Kwenye Quad unahesabu. Unasikia pete inapogusa uzi, kisha uzi wenyewe, kisha kufa kwa uzi wakati mwingine umeshaanza. Hakuna kilichoongezwa utamu. Kodiani inapoingia haiwafuniki wengine, inakaa mahali pake, na fidla zinasikika kuwa ni watu kadhaa ambao hawakubaliani kwa asilimia mia kuhusu noti moja, jambo ambalo ndilo linaloifanya taarab ya zamani iwe taarab.

Kuna jambo jingine ambalo mapitio ya Kizungu huliandika kama kasoro. Kwa kuwa Quad ya 1957 ni fupi, muziki wake unakaa chini. Waimbaji hawasimami. Wahakiki wanashauri uitengenezee stendi za kuinyanyua, na kuna watu wanaoishi kwa kuuza stendi hizo. Mzee hakuwahi kununua. Alinionyesha kwa mkono, usawa wa goti: "Wamekaa mkekani. Kwani wanataka wakae wapi?"

MartinLogan ilicheza rekodi ile ile kwa ukarimu mkubwa zaidi. Besi la Ikhwani, ambalo kwenye Quad ni uvumi wa mbali, hapa lina tumbo. Kanuni bado ina wepesi wake. Chumba kizima kinajaa, na ukisimama ukaenda jikoni kuchukua chai, muziki hauporomoki. Kwa dakika kumi za kwanza niliamini kwamba shindano limekwisha, Wamarekani wameshinda.

Kisha akaimba mwanamume. Kwenye SL3 kazi inagawanywa kwenye hezi 250 hivi: chini ya hapo koni, juu ya hapo paneli. Sasa mzizi wa sauti ya mwanamume anayeimba uko kwa sehemu kubwa chini ya hapo, na vinavyoipa sauti hiyo sura, yaani irabu, ukali, ukwaru wa koo, viko juu. Kifua cha mwimbaji kinatoka kwenye boksi, mdomo wake unatoka kwenye paneli, na vyombo hivyo viwili havina tabia moja. Koni inachelewa kidogo kunyamaza. Mkato ni mdogo, na nina hakika watu wengi hawausikii. Lakini nikishausikia siwezi kuusahau, kama kosa la chapa katika jina la mhusika mkuu.

Nilipokuwa nautafutia mfano, kilichonijia ni Mabepari wa Venisi ya Nyerere. Tafsiri ile inatiririka, imejaa Kiswahili kizito, lakini neno moja la kwenye jalada linakuonyesha mfasiri amesimama upande gani. Wafanyabiashara wa Shakespeare wamekuwa mabepari, na hilo katika Tanzania ya 1969 halikuwa neno la bahati mbaya. Simlaumu. Kila tafsiri ina mahali fulani ambapo mfasiri amelazimika kuchagua, na kazi ya mhakiki ni kupaonyesha kwa kidole. Kwa MartinLogan pako kwenye hezi 250. Kwa Quad pako chini kabisa, kwenye yale ambayo Walker aliamua kuyaacha bila kutafsiriwa, kwa hoja kwamba bora kunyamaza kuliko kusema vibaya. Wahakiki wengi huuita uamuzi huo ukweli. Mimi nauona ni ladha, tena ladha ya mtu ambaye, nikimhukumu kwa spika yake, hakuwa na haja sana na gitaa la besi.

Jioni ya Siti binti Saad ilibadilisha hesabu zangu. Santuri zake za kwanza zilirekodiwa Bombay mwaka 1928 na kampuni ya HMV, miaka mitatu tu tangu makampuni makubwa yaanze kurekodi kwa maiki badala ya pembe. Mzee anazo kwenye CD. Kabla sijaweka, alinyanyuka, akachomoa waya za spika moja, akaigeuza iliyobaki ikatutazama. Nilidhani kachanganyikiwa. Kumbe kafanya lililo sahihi: Siti alirekodiwa kabla ya stirio, na Quad hii nayo ilizaliwa kabla ya santuri za stirio kuingia madukani mwaka 1958. Iliuzwa mojamoja. Ilibuniwa kusimama peke yake pembeni ya chumba.

Santuri za zama zile hazina besi ya maana wala sauti za juu sana. Kila kitu ambacho Quad haiwezi, santuri ile haikiombi. Kelele za mikwaruzo, ambazo kwenye spika za koni hugandamana na sauti ya mwimbaji, hapa zinakaa kando kama mvua nje ya dirisha. Na katikati, kwenye eneo ambalo utando huu unaliweza kuliko kitu chochote nilichowahi kukisikia, kuna Siti. Wengi wetu tumemjua kwa Shaaban Robert, aliyemwandikia wasifu, na kwa heshima zote kwa Shaaban Robert, nathari yake inamfanya mwanamke wa mfano, wa kuigwa. Mwanamke anayetoka kwenye Quad ana haraka. Anakaza koo pale ambapo ningetarajia alegeze. Anauma maneno. Tumezoea kusema mtu ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni, na tunafikiria utamu. Hii ingemtoa nyoka kwa sababu nyingine. Tulipojaribu MartinLogan, mbili kwa pamoja, Siti akawa mrefu, mpana, na mpole. Paneli ndefu hurefusha kila kitu, na mwimbaji wa mwaka 1928 hana mwili wa kujaza nguo aliyopewa.

Baada ya hapo Mzee alileta kaseti. Ilirekodiwa Unguja miaka ya themanini, shughuli ya harusi, na anayeimba ni dada yake, marehemu sasa. Kinasa sauti kiliwekwa mezani tu. Tuliiweka kwenye Quad. Sauti ya chumba ilikuja kwanza: vyombo, mtoto anakohoa, mtu anasema jambo karibu na maiki na mwingine anamnyamazisha. Kisha dada yake akaanza. Mzee alisikiliza dakika mbili hivi. "Basi, mwanangu. Zima." Nikazima. Hatukusikiliza kitu kingine usiku ule.

Kesho yake aliitaka tena, ila kwa zile ndefu. Alicheka mpaka akafuta macho. "Huyu kawa jitu!" Akaiacha ikaisha upande mzima, anagonga meza kwa vidole, anaitikia. Nimeifikiria sana tofauti ya jioni hizo mbili. Kwa vipimo vya mapitio, Quad ilishinda vibaya: ilitoa zaidi, ilificha kidogo. Lakini kwenye MartinLogan ndiko alikoweza kumsikiliza dada yake hadi mwisho.

Na sasa dansi, ambako zote mbili zilipata tabu. Mzee hakuwa na Mlimani Park, mimi nilikuwa nazo kwenye simu: zile rekodi za miaka ya themanini zilizofanywa studio za Radio Tanzania, bendi nzima ikipiga kwa pamoja chumbani. Kwenye Quad magitaa ni ya ajabu. Unaweza kumfuata mmoja na kuwaacha wengine, kisha ukarudi. Hassan Bitchuka anapopanda juu hupati ule ukali wa bati uliozoeleka. Lakini muziki umekaa kitako. Gitaa la besi lipo kama habari, unajua linapiga nini, halikugusi. Unataka kuongeza sauti, mkono unakwenda kwenye kitufe, unakumbuka cheche, unaurudisha. MartinLogan ilifanya vizuri zaidi, koni yake ilisimama na kucheza, ila magitaa na besi vilikuwa kama bendi mbili za mtaa mmoja. Na aibu ya wiki zote tatu ni hii: dansi lilisikika vizuri zaidi kwenye redio kaseti ya jikoni, mono, koni moja chakavu, huku tunakata vitunguu.

Si mzaha. Mwaka 1973 Harry Pearson alianzisha jarida la The Absolute Sound huko Marekani, na msamiati mwingi wa mapitio ya leo unatokana na yeye na wenzake. Kigezo chake kilikuwa safi: pima spika kwa sauti ya ala halisi, zisizopitishwa kwenye umeme, zikipigwa mahali halisi. Kwa kigezo hicho spika za umemetuli zinastahili sifa zao zote. Fidla ipo duniani, unaweza kwenda kuisikia, ukarudi nyumbani ukalinganisha. Lakini Mlimani Park asilia ni ipi? Ukumbini, kwenye baa iliyoipa bendi jina, magitaa yalipita kwenye amplifaya, waimbaji kwenye maiki, vyote vikatoka kwenye koni kubwa zilizochoka, juu ya kelele za watu na chupa. Asilia ilikuwa spika. Wengine wengi waliisikia kwa redio tu, na kwao asilia ilikuwa redio ile ya mezani. Hakuna fidla ya kwenda kuisikia. Uaminifu unataka kitu cha kuwa mwaminifu kwake, na hapa kitu chenyewe kimetengenezwa kwa vifaa ambavyo wapenzi wa Quad wasingeviruhusu mlangoni.

Sidai kwamba wahakiki wa Marekani na Uingereza walikuwa na nia mbaya. Walipima kwa muziki wao, waimbaji wa opera na robo nne za fidla, wakapata jibu sahihi kwa muziki huo. Tatizo ni sisi tunapolichukua jibu na kuacha swali. Nimewasoma Waafrika wenzangu mtandaoni wakieleza rekodi za Franco kwa maneno ya "pazia" na "dirisha", na siamini kwamba ndivyo walivyozisikia. Ndivyo walivyofundishwa kuandika.

Basi nilimwandikia Mzee ukurasa mmoja na nusu, kwa mkono, kama alivyotaka. Nilimwambia kwamba kwa taarab ya zamani, na hasa kwa sauti moja ya mwanamke na ala chache, sijasikia kitu kinachoikaribia Quad yake, na kwamba MartinLogan ni spika ya nyumba yenye watu wengi na muziki wa kila aina. Nilimwambia pia lile ambalo hakuniuliza. Unguja wakati wa masika unyevu hewani huzidi asilimia 80 siku nyingi, na chumvi ya bahari iko kila mahali. Utando unaoishi kwa kushika chaji ya maelfu ya volti haupendi hewa inayoiiba chaji hiyo. Utaanza kusikia mchakato kama mafuta ya kukaangia, kisha upande mmoja utafifia. Vumbi nalo huvutwa na chaji kama nzi kwenye embe. MartinLogan nayo ina ugonjwa huo huo, ila koni yake angalau itabaki ikisema kitu. Umeme wenyewe si tatizo, volti na plagi za Unguja ni kama za Uingereza, ila umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo ni jambo jingine. Kuna mtu ambaye hakumbuki miezi mitatu ya giza, Desemba 2009 hadi Machi 2010? Nikamshauri kwamba akichukua Quad azipeleke kwanza kwa mafundi wanaozijenga upya, wapo Ujerumani na Uholanzi, wazibadilishie tando, na Unguja aziweke kwenye chumba chenye kiyoyozi, mbali na dirisha la baharini. Mapato na matumizi ya jambo hilo aliyajua kuliko mimi.

Alinipigia simu wiki mbili baadaye. Kaamua kuchukua Quad, lakini moja tu. Ya pili ataiacha kwa mwanawe kama akiba ya vipuri, na Siti haitaki mbili. Redio kaseti ya jikoni inakwenda, hiyo hata hakuifikiria mara mbili. Na ile nafasi ya spika ya pili kwenye kontena, aliniambia huku anacheka, ameshainunulia mashine ya kupunguza unyevu, kubwa, nzito, na ina kelele kuliko spika zote mbili.